Kabla ya Kumlaumu Jirani, Fuata Waya

Masomo: Yoshua 7, Danieli 10:1-14, Yohana 9:1-7



Ukitaka kumjua mtu aliyeokoka, usimwangalie Jumapili akiwa ameinua mikono. Mwangalie Jumanne saa mbili usiku, intaneti imekatika, mtoto ana kazi ya shule ya kumtumia mwalimu, mama yuko katikati ya mkutano wa kazi kwa laptopu, na mpira umefika dakika ya themanini. Hapo ndipo tunda la Roho hupimwa. Baba anasimama mbele ya rauta, anachomoa waya, anahesabu mpaka kumi, anarudisha. Taa zinawaka. Simu inasema imeunganishwa, lakini hakuna intaneti. Anachomoa tena. Halafu anageuka, na swali linalotoka kinywani si "ni nini kimeharibika?" Ni "nani ameguza hii kitu?"

Nani. Leo nataka tukae kidogo kwa hilo neno moja, kwa sababu limevunja nyumba nyingi kuliko tunavyodhani, na si kwa mambo ya waifai peke yake.

Kuna mtu atasema, pasta, hayo ni mambo madogo, tuhubirie mbingu. Sawa. Lakini hebu tembea kutoka Umoja hadi Kayole, upitie Donholm na Komarock, na uangalie juu. Nyaya nyeusi za faiba zimetoka kwa nguzo za stima zikaingia kila ghorofa. Kabla ya 2009, wakati kebo za kwanza za baharini zilipofika Mombasa, intaneti ya nchi hii ilikuwa ikipitia satelaiti, na mtu wa mtaani akitaka kutuma barua pepe alienda saiba akalipa kwa dakika. Leo kijana wa Pipeline anamfanyia kazi mteja wa Marekani akiwa ameketi kwa kitanda cha bedsita. Mwanafunzi wa chuo anafuatilia darasa kwa simu. Mama anatafuta cheti kwa eCitizen, na mwenye duka anajaza ushuru wake kwa iTax usiku wa tarehe 30 Juni, kwa sababu sisi Wakenya tunapenda siku ya mwisho. Mtandao ukikatika kwa nyumba kama hiyo, kilichokatika si starehe. Ni unga. Kwa hivyo hasira ya yule baba ni ya kweli, na siwezi kuicheka.

Kinachochosha zaidi ni kwamba dalili ni moja na sababu ni nyingi. Inawezekana malipo ya mwezi yameisha. Inawezekana waya wa faiba umekunjwa nyuma ya kabati; ndani yake kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na mwanga unaopita humo hautaki kona kali, ukiukunja sana ile taa iliyoandikwa LOS inaanza kumweka nyekundu. Inawezekana ni kuta za mawe kati ya sebule na chumba cha kulala. Inawezekana ghorofa yenu ina rauta hamsini zote zikiongea kwa masafa yale yale, kama wachuuzi wa Muthurwa kila mmoja akiita wateja kwa wakati mmoja. Inawezekana njia yote ni nzima ila ule mtambo wa kugeuza majina ya tovuti kuwa nambari haujibu. Inawezekana ni hiyo simu yako tu. Na kwa hayo yote simu inakupa maneno yale yale: imeunganishwa, hakuna intaneti. Haikuambii ni wapi. Basi binadamu akikosa "wapi", anajaza pengo na "nani".

Mafundi wazuri wa mitandao huku mtaani hawana haraka. Nimewaangalia. Anaanza karibu: stima iko? Taa zinasema nini? Halafu anajaribu kama simu inaifikia rauta yenyewe, anaandika nambari kama 192.168.1.1 aone kama ukurasa wake unafunguka. Ukifunguka, kipande hicho cha njia ni kizima, anakiacha, anasonga mbele kipande kimoja. Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati. Ukibadilisha vitu vitatu mara moja na mtandao ukarudi, hujui ni kipi kilichoponya, na shida itakurudia wiki ijayo ukiwa mjinga vile vile.

Sisi tuliosoma biashara tulifundishwa jambo hilo hilo kwa vitabu vya hesabu. Hesabu zikikataa kulingana kwa shilingi mia nne, kuna kishawishi cha kuitupa hiyo mia nne kwa akaunti ya kusubiri na kwenda nyumbani. Mwezi ujao utakuta ni elfu nne, na sasa utaanza kumshuku karani.

Fungua Yoshua 7.

Yeriko imeanguka, Israeli wanajiamini. Wapelelezi wanarudi kutoka Ai wakisema ule ni mji mdogo, hakuna haja ya kuwachosha watu wote. Wanaume kama elfu tatu wanapanda, wanafukuzwa mpaka mteremkoni, na watu 36 wanakufa. Yoshua anararua mavazi, anaanguka kifudifudi mbele ya sanduku la Bwana mpaka jioni, yeye na wazee, mavumbi vichwani. Na sikia anachomwuliza Mungu: mbona ulituvusha Yordani, si afadhali tungebaki ng'ambo ile? Ndugu yangu, huyu ni baba wa Jumanne usiku! Hajaangalia waya, hajaangalia rauta, ameruka nyumba na nguzo na mtaa, amempigia simu mwenye kampuni moja kwa moja na kumlaumu. Mungu anamwambia ainuke kutoka hapo chini, kuna kitu kambini.

Hapa nataka usome polepole. Mungu alilijua jina la Akani. Angeweza kulitaja pale pale na jambo likaisha kwa dakika moja. Badala yake aliagiza watu wajitakase, walale, na asubuhi waje mbele zake kabila kwa kabila. Likatwaliwa kabila la Yuda. Ndani ya Yuda, ukoo wa Zera. Ndani ya Zera, nyumba ya Zabdi. Ndani ya nyumba ile wakaja mtu kwa mtu, mpaka akabaki Akani mwana wa Karmi. Chini ya hema lake, ndani ya udongo, joho zuri kutoka Shinari, shekeli 200 za fedha na kipande cha dhahabu cha shekeli 50.

Kwa nini njia ndefu hivyo? Angalia kinachotokea kila hatua. Yuda ilipotwaliwa, makabila mengine yote yalirudi hemani yakiwa huru. Hakuna mtu wa Reubeni aliyelala usiku ule akinong'onezewa na jirani. Zera ilipotwaliwa, koo nyingine za Yuda zikapumua. Sisi tunafikiri uchunguzi wa hatua kwa hatua ni wa kumkamata mwenye makosa. Kwa asilimia kubwa ni wa kuwaachilia wasio na makosa. Watu 36 walikuwa wamekufa, kambi imejaa uchungu. Mungu angeacha watu watafute "nani" kwa midomo yao, damu nyingi zaidi ingemwagika kabla ya jioni.

Nikupe mfano wa karibu. Kuna familia katika moja ya makundi yetu ya nyumbani. Wamenipa ruhusa nisimulie, majina na mtaa nimeyaacha. Kwa wiki tatu waifai yao ilikuwa na maajabu. Leo simu ya baba inashika, ya mama haishiki. Wakizima rauta na kuwasha, ya mama inashika, laptopu inakataa. Saa mbili baadaye mambo yamegeuka tena. Fundi wa kampuni alikuja akapima, akasema mwanga unaoingia ni mzuri, akaenda. Na alikuwa sahihi.

Basi "nani" ikaanza kazi. Baba akashuku mama anamfungia mtandao kila wanapokosana. Mama akashuku baba ana sababu yake ya kutotaka yeye aingie mtandaoni jioni. Mkishukiana hivyo kwa siku nyingi mnachoka, na mtu akichoka anatafuta mtu mdogo wa kubeba mzigo. Wote wawili wakaangukia msichana anayewasaidia kazi. Ikasemwa anawagawia watoto wa jirani paswadi, labda anauza. Paswadi ikabadilishwa mara nne. Shida ikabaki. Msichana akaambiwa mwisho wa mwezi afungashe. Amewalea watoto wao miaka mitatu huyo.

Nilialikwa kuombea amani ya nyumba. Nilienda na kijana mmoja wa idara yetu ya vyombo, anayeelewa mambo haya. Tukaomba. Baada ya amina kijana akaomba ruhusa, akauliza maswali mawili, kisha akamwambia baba achomoe rauta kabisa kutoka kwa stima. Taa zote zikazimika. Akasema, sasa kila mtu aangalie simu yake.

Jina la waifai ya nyumba bado lilikuwa pale. Limejaa mpaka juu.

Sebule ikanyamaza. Rauta imelala mezani haina stima, lakini jina lake linatangazwa hewani. Basi kuna nyingine. Wakafuata waya mmoja kijivu kutoka nyuma ya meza, ukapita nyuma ya kochi, ukaingia chumba cha wavulana, na chini ya kitanda wakakuta rauta kuukuu. Kifungua mimba wao, yuko kidato cha tatu, alikuwa amepewa na binamu yake. Alitaka mtandao ufike vizuri chumbani, acheze michezo yake. Aliiunganisha kwa ile kubwa, akaipa jina lile lile na paswadi ile ile ili asiulizwe.

Kwa wale wasioelewa: rauta ya nyumba hufanya kazi kama msimamizi wa ploti. Kila simu ikiingia inapewa nambari yake ya nyumba na kuonyeshwa geti la kutokea. Sasa ploti ilikuwa na wasimamizi wawili, na yule wa pili geti lake linaelekea ukutani. Simu iliyojibiwa na wa kwanza ilipata intaneti. Iliyojibiwa na wa pili iliambiwa karibu, umeunganishwa, na haikufika popote. Nani angejibu kwanza ilikuwa bahati tu, ndiyo maana kila wakizima na kuwasha, aliyebahatika alibadilika. Yesu alituonya kuhusu kujaribu kuwatumikia mabwana wawili, Mathayo 6:24, na kuna moyo hapa leo ambao uko hivyo hivyo, asubuhi unaomba vizuri, jioni huelewi umeishia wapi. Lakini hilo nitalihubiri siku nyingine, leo niko na mtoto aliye chini ya kitanda.

Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeuza. Mtoto hakuwa na nia mbaya hata kidogo. Ila ugomvi ulipopanda, na jina la yule msichana likatajwa, alianza kuhisi kwamba huenda ni kile kitu chake. Akanyamaza. Kwa nini? Kwa sababu kwa nyumba ile, kama nyumba zetu nyingi, "nani" huja na mshipi. Mtoto amejua tangu utotoni kwamba anayesema "ni mimi" ndiye anayelia. Nyumba ikiuliza "nani" kwa ukali, makosa hujifunza kujificha, na mtu mwingine anafungasha nguo zake kwa sababu ya hofu ya mtoto wako.

Sasa linganisha na Yoshua. Mtu amesababisha vifo 36. Amefichuliwa mbele ya taifa zima. Na Yoshua anapomsemesha anamwita mwanangu, anamsihi ampe Mungu utukufu na aeleze alichofanya. Mwanangu! Ni hapo Akani alifungua kinywa akaeleza kila kitu, hata mahali kilipofukiwa.

Sitaruka mwisho wa sura hiyo, ni mzito, ni mawe na moto, na bonde likaitwa Akori, maana yake taabu. Agano la kale halikuchezea dhambi. Lakini endelea kusoma Biblia yako mpaka Hosea 2, utakuta Mungu mwenyewe anarudi kwa lile bonde la Akori na kuahidi kuligeuza kuwa mlango wa matumaini. Sisi tunaoishi upande huu wa msalaba tunajua mawe yale yalimwangukia nani. Kwa hivyo mtoto anayesema "ni mimi" nyumbani mwa mtu aliyeokoka hapaswi kukutana na mawe.

Usiku ule kijana alichomoa ule waya kwa mkono wake mwenyewe. Baba alibaki na kazi ngumu zaidi. Jamani, kwa mila zetu, mwanamume wa miaka hamsini kumwomba msamaha msichana wa kazi ni kitu kigumu kuliko kufunga siku arobaini. Alitaka kumwita kando jikoni. Mke wake akakataa. Walimshtaki mbele ya watoto, basi asafishwe mbele ya watoto. Alimwita sebuleni, akasimama, akamwambia. Nilikuwepo. Ukimshtaki mtu hadharani usimwombe msamaha jikoni.

Na hapa nigeukie sisi watu wa maombi, kwa sababu "nani" yetu huwa imevaa nguo za kiroho. Biashara imeshuka: kuna mtu wa nyumbani ametufunga. Pesa hazikai: ni shangazi, siku ile ya mazishi alinishika mkono vibaya. Halafu ukiketi na huyu ndugu ufungue simu yake unakuta mikopo mitano ya simu, kila moja inasubiri mshahara uingie. Mimi naamini adui yupo, na tunamkemea kila Ijumaa kwa kesha mpaka sauti zinaisha. Lakini deni la simu haliwezi kukemewa kwa jina la shangazi yako. Na yule shangazi ni mama mzee wa watu kule kijijini, anashangaa kwa nini hamumtembelei tena Desemba. Anza karibu. Stima iko? Bili imelipwa? Umelala? Umeongea na mke wako wiki hii kuhusu kitu kisicho pesa? Kuna kitu chini ya kitanda chako wewe? Kila kipande ukikikuta kizima, kiache, na umwachilie aliye upande ule.

Nikiishia hapo ujumbe huu utakuwa nusu, na nusu hii inaweza kumuumiza mtu vibaya.

Jumapili tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kule upande wa Afrika Kusini. Kenya, Uganda na Tanzania tukarudi nyuma, mtandao ukatambaa. Mwaka wa 2012 ilikuwa nanga ya meli nje ya bandari ya Mombasa, ikakata kebo ya TEAMS. Sasa fikiria mtu wa Umoja siku kama hiyo. Waya wake ni mzima. Rauta nzima. Amelipa. Hana rauta chini ya kitanda. Kila kipande kinachomhusu yeye ukikipima kinajibu vizuri, na bado ukurasa haufunguki, kwa sababu mahali palipovunjika ni chini ya bahari, mbali kabisa na mahali mkono wake unaweza kufika.

Kuna waliochukua pini siku kama hizo wakabonyeza kile kitufe kidogo kilichofichwa nyuma ya rauta, kile cha kufuta kila kitu na kuanza upya. Wakafuta mipangilio yote iliyowekwa na kampuni. Kebo zikarekebishwa baharini, majirani wakarudi mtandaoni, wao wakabaki gizani. Shida haikuwa ya kwao, lakini sasa ikawa yao.

Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu, Yohana 9, na swali lao la kwanza lilikuwa nani: nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake? Yesu hakuchagua kati ya hao wawili. Alikataa swali. Si huyu, si wazazi. Halafu akatema mate, akatengeneza tope, akafanya kazi. Rafiki za Ayubu walikaa naye siku saba bila neno, na hilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote waliyofanya. Walipofungua midomo wakaanza kumpima mtu ambaye Mungu alikuwa ameshamshuhudia kuwa mkamilifu. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao, na Ayubu ndiye aliyewaombea.

Na Danieli, sura ya 10. Wiki tatu nzima anaomboleza, hali chakula kizuri, haguzi nyama wala divai, na jibu haliji. Ukimpima Danieli utakuta nini? Hakuna. Malaika anapofika anamwambia maneno yake yalisikika tangu siku ya kwanza. Kilichochelewesha ni upinzani wa mkuu wa Uajemi, siku ishirini na moja, huko juu, mahali Danieli hakuweza kuona wala kufika. Upande wa Danieli ulikuwa mzima siku zote ishirini na moja.

Kuna dada kati yetu ambaye amengoja mtoto kwa miaka mingi. Kuna ndugu ambaye tangu 2020 ametuma maombi ya kazi mpaka ameacha kuhesabu. Amejichunguza. Amemwambia Mungu ampime, kama Daudi mwishoni mwa Zaburi ya 139, na Mungu amempima. Amerudisha vitu vya watu, amesamehe, ametubu hata dhambi za babu ambaye hakumwona. Na bado kila kongamano likija, anaitwa mbele na mhubiri mgeni anamwambia kuna kitu hajaachilia. Wapendwa, hicho ni kitufe cha pini. Mnamfutia mtu imani iliyokuwa imeketi vizuri. Fundi mwaminifu akipima akakuta ni sawa, anaandika sawa na kwenda. Harudi kila wiki kupasua ukuta ule ule kwa sababu tu taa ya mbali haijawaka.

Nimeongea na wazee wa kanisa juu ya jambo hili, na tumekubaliana kitu. Kwa maombi ya Jumatano adhuhuri, mtu akija na ombi ambalo amelibeba zaidi ya mwaka, wahudumu wataanza kwa kumwuliza kama angependa kuombewa au kuchunguzwa. Akisema kuombewa, ataombewa. Hataulizwa kuhusu babu yake.

Kwa makundi ya nyumbani wiki hii, someni Yoshua 7 yote kwa sauti, halafu kila nyumba iulizane polepole: kuna mtu tuliyemtupia "nani" mwaka huu kabla hatujaufuata waya? Kama yuko karibu, nendeni kwake mkiwa pamoja na wale waliosikia mkimlaumu. Kama ni yule shangazi, simu yake mnayo.

Na wewe ambaye umejipima mpaka mwisho, kila kipande kinajibu, na bado ni giza, njoo hiyo Jumatano saa sita na nusu. Tutakuwa mstari wa nyuma, karibu na mlango. Ukitaka kukaa kimya tutakaa kimya na wewe, tuone kama tunaweza kufikisha hata siku moja kati ya zile saba za marafiki wa Ayubu.